Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwa Waendesha Baiskeli wa Safari ya Bagamoyo

Ndugu waendesha baiskeli mnaopiga pedali hadi Bagamoyo kuchangisha fedha za matibabu ya moyo kwa watoto, na ninyi nyote mliochangia, tunawatakia Krismasi ya amani na Mwaka Mpya wenye afya.

Desemba upepo wa kaskazi unaanza kushika, na anayetoka Mwenge, Dar es Salaam, kwenda Bagamoyo anakutana nao usoni. Kikundi kinachopokezana mbele kuukata upepo kila dakika mbili tatu hufika pamoja. Mkimwachia mwenye nguvu mmoja avute tangu Tegeta, atachoka kabla ya daraja la Mpiji, na walio nyuma yake watatawanyika katikati ya malori. Asanteni sana kwa kumsubiri wa mwisho.

Pancha nyingi huletwa na vijiwaya vya matairi ya malori yaliyopasuka. Ukibadilisha tyubu bila kung'oa waya, tyubu mpya nayo itatoboka. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote; kinaponasa, ndipo ulipo, ung'oe kwa koleo. Matundu mawili yaliyo sambamba yana sababu nyingine: upepo ulikuwa mdogo, rimu ikaibana tyubu kwenye shimo. Tairi la milimita 28 lijazwe upepo wa PSI 75 hadi 85 (kipimo kinachosomwa kwenye pampu), kulingana na uzito wako. Na kabla ya kuipumzisha baiskeli, ifute chumvi ya bahari, ikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pingili ya mnyororo. Yaliyozidi yafute, maana hukusanya mchanga.

Sasa lile lililotutoa nyumbani. Takriban mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Penye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo, damu nyingi mno huenda mapafuni. Ikiachwa hivyo kwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hapo kuziba tundu hakumfai tena mtoto. Upasuaji unafanyika hapa hapa Muhimbili, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Lakini mama anayetoka Kigoma anahitaji nauli, pa kulala siku za vipimo, chakula, kisha nauli nyingine ya kurudi kliniki. Kwetu sisi nauli hiyo ni sehemu ya tiba, na ndiyo iwe ya kwanza kulipwa.

Sikukuu hukutanisha ukoo, na kichanga hupakatwa na kila shangazi. Mkimwona anayetoka jasho kichwani akinyonya, anayeachia titi kila mara ili apumue, au asiyeongezeka uzito, mwambieni mama ampeleke kituo cha afya asikilizwe moyo. Midomo ikiwa ya bluu, aende siku hiyo hiyo.

Limebaki la ahadi za wafadhili, wanaomlipia mwendeshaji kwa kila kilomita. Shilingi 500 kwa kilomita, kwa kilomita 65, ni 32,500. Wafadhili kumi ni 325,000. Zikusanyeni kabla ya Januari, kwa sababu Januari ina ada, sare na madaftari, na mtu mwema kabisa atakosa cha kutoa. Zipite kwenye namba moja ya kikundi, si simu ya mtu binafsi: zikichanganyika na za matumizi ya nyumbani, hata mwaminifu hushindwa kuzitenganisha. Kila mchangiaji apate risiti yenye jina, kiasi na tarehe.

Wasalimieni wote nyumbani, na pole nyingi kwa akina mama watakaokula sikukuu hii wodini na watoto wao.