Kenchi inayotembea

Mwanangu,

Video uliyonitumia nimeitazama mara nne, ya mwisho nikiwa juu ya paa la mteja, nyundo kiunoni. Unauliza kama siogopi roboti inayojiongezea mwili. Ngoja nikujibu kifundi.

Kwanza nilicheka uliposema vile vijiti vinavyounda roboti hiyo, vya Chuo Kikuu cha Columbia, kule New York, vimepewa jina la kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Kumbe fani yangu! Unakumbuka zile mbao nne nilizokupigilia msumari mmoja mmoja kwenye kona? Ulisukuma, mraba ukalala. Nikatoa ubao mmoja, ukaisukuma pembetatu mpaka ukanuna. Haikutikisika. Hawa wenzetu wameifanya pembetatu ibadilike umbo bila kulegea: kila kijiti kinarefuka na kufupika chenyewe, na ncha zake zina sumaku za kumkamata mwenzake kwa pembe mbalimbali. Kenchi yangu mimi, nikishapigilia, urefu ni huo huo hadi mchwa waamue vingine.

Kijiti kimoja kinajivuta sakafuni kama nyungunyungu. Vitatu, pembetatu. Sita vinainuka kuwa piramidi yenye kitako cha pembetatu. Halafu piramidi inajiunganishia kijiti cha saba, inakitumia kama fimbo, na kwenye mteremko mwendo wake unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 66. Hapo ndipo niliporudia rudia.

Maana nilimwona bibi yako. Alipoteleza masika ile nikamchongea mkongojo, akaufungia nyuma ya mlango miezi miwili. Yeye si mzee wa kuburuta fimbo, alisema. Jumapili moja nikamkuta njiani anashuka kanisani nao: anautanguliza chini, anaulalia, ndipo mguu unafuata. Nilikuwa nyuma yake na sikumfikia. Siku hizi ukiusogeza kidogo tu anakufokea, "Niachie mguu wangu!"

Sasa hofu yako. Watafiti Philippe Wyder, Hod Lipson na wenzao, walipotoa kazi hiyo Julai 2025 katika jarida la Science Advances, waliuita uwezo huo wa kujiongezea mwili umetaboli wa roboti, kama mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu na nyama: inakua kwa kuchukua vipande vilivyo karibu nayo au vya roboti nyingine. Jirani yetu alivyosikia akaulizia mabati yake. Nikamwambia atulie, haili bati wala msumari. Inakula vijiti vya aina yake tu, na hivyo lazima mtu avitengeneze.

Kinachonisumbua mimi ni hiyo "roboti nyingine". Piramidi ikimnyang'anya mwenzake wa pembetatu kijiti, huyo anabaki na pengo, yaani vijiti viwili vimelala chini. Nani ameamua yupi anenepe? Kwenye paa jibu ni rahisi, naamua mimi, na paa likianguka ananitafuta mwenye nyumba. Mwulize mwalimu wako, roboti zikiwa mia porini hakuna fundi, nani atatafutwa. Usiogope kuonekana mshamba, swali ni la mtu aliyewahi kudaiwa paa.

Ada nitatuma mwisho wa mwezi, mteja huyu analipa kwa mafungu.

Bibi naye nilimwonyesha. Alikaa kimya mpaka pale kwenye mteremko, akasema, "Fimbo kanaitumia vizuri. Ila kana papara."

Baba yako