Mama ametoka hospitalini, usingizi haujarudi

Mhariri mpendwa,

Ninaandika kutoka Njoro, Kaunti ya Nakuru, kuhusu mama yangu mwenye umri wa miaka 76, ambaye wiki tano zilizopita aliteleza bafuni, akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Tuliruhusiwa baada ya siku 11. Mshono umefunga vizuri, hana homa, wala mguu haujavimba, na sasa hufika mlangoni kwa fremu ya kutembelea. Kinachotushinda ni usiku.

Hulala saa tatu, na ifikapo saa nane nasikia kitanda kikilia. Nikiingia namkuta ameketi ukingoni, ameshika paja, lakini nikimuuliza hunijibu kwamba ni baridi ya Njoro tu. Mama alilelewa kuvumilia. Hata kliniki daktari alipomuuliza, alisema hajambo, nami nikanyamaza kwa heshima, jambo ninalolijutia mpaka leo. Mchana husinzia kitini hadi alasiri na kukataa mazoezi aliyofundishwa kwa kuwa amechoka, hivyo jioni mguu huwa umekakamaa zaidi, na usingizi ameshaumaliza.

Alipewa parasetamoli anywe kwa saa maalumu, lakini huiruka mpaka azidiwe, kwa kuogopa kuizoea. Nimemweleza kwamba parasetamoli haina uraibu, mradi asizidishe kipimo alichoandikiwa, ila neno la mtoto si neno la muuguzi. Jirani yetu, kwa nia njema kabisa, alituletea vidonge vya usingizi vilivyobaki kwake. Sikumpa, kwani dawa za namna hiyo huweza kumfanya mzee apepesuke na kuchanganyikiwa, na mama huamka mara tatu kwenda msalani gizani, maana dawa yake ya presha, ile inayotoa maji mwilini, huinywa jioni. Akianguka tena, sijui tutamwinua vipi. Vidonge vya maumivu vya ibuprofen nilivyoshauriwa kwenye duka la dawa navyo niliviacha dukani, kwa kuhofia presha hiyo hiyo na figo zake.

Naomba wauguzi, madaktari na wasomaji waliouguza wazazi wanisaidie. Je, parasetamoli ikinywewa kwa saa zake bila kungoja maumivu, na ya mwisho iwe karibu na kulala, usingizi wenyewe utarudi? Dawa ya presha yaweza kuhamishiwa asubuhi, na nani wa kuamua hilo? Nimwache asinzie mchana kwa muda gani kabla ya kumtoa juani kibarazani? Zaidi ya yote, nitamwelezaje daktari ukweli wa usiku wetu, mama akiwa ameketi papo hapo, bila kumvunjia heshima?

Tunarudi kliniki wiki ijayo.

Binti mwenye wasiwasi,
Njoro