Betri ya tochi ipimwe kwa mzani, maandishi hudanganya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu aliyeandika juu ya tochi za kuchaji. Habari ya mwanga aliieleza vizuri, na hata mimi nilipata la kujifunza. Alipofika kwenye betri akapita mbio: mnunuzi atafute yenye mAh nyingi kuliko zote (mAh ndicho kipimo cha ujazo wa betri; elfu moja ni ampea moja kwa saa moja) kwa bei ndogo kuliko zote, basi. Mimi ni mlinzi wa usiku, huu ni mwaka wangu wa 19, na tochi ndiyo jembe langu. Ushauri ule niliwahi kuufuata kabla hamjauchapa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Betri yenyewe ilikuwa ya 18650, hii nene inayotumika kwenye tochi nyingi za siku hizi. Namba hiyo ni vipimo tu: 18 ni milimita za unene, 65 ni milimita za urefu, na sifuri ya mwisho huonyesha kuwa ni ya mviringo. Kwenye ganda iliandikwa 9900 mAh kwa rangi ya dhahabu. Ile ya zamani, iliyokuja na tochi, ilikuwa ya 2600 tu. Nikajiona mjanja, nimepata karibu mara nne kwa bei pungufu. Usiku wa kwanza niliiwasha saa mbili kamili, mwanga wa kati unaokula kama ampea moja. Saa tatu kasorobo tochi ikaanza kufifia. Nikadhani chaji haikujaa. Usiku wa pili mambo yakawa yale yale. Usiku wa tatu nikairudisha ile ya 2600, ikanifikisha saa nne na nusu bila kulalamika.

Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya 2600 mAh ikitoa ampea moja hukaa saa mbili na nusu hivi. Ya 9900 ingekaa karibu saa kumi. Yangu ilikaa dakika 45, yaani haikufika hata 800.

Asubuhi nikachukua mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, mwenye nyumba akiniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Betri ya zamani ilisoma gramu 46. Ile ya dhahabu, gramu 29. Nikaipeleka kwa fundi wa redio ninayemjua. Akaitoa nje, akaiweka juu ya mchanga, akavaa miwani na kuikata ganda kwa uangalifu (jambo ambalo msomaji asilijaribu nyumbani hata siku moja). Ndani ya lile kopo la chuma kulikuwa na betri nyingine ndogo, nyembamba kama penseli nene, imezungukwa na unga mweupe uliojazwa ili kopo lisicheze. Fundi alicheka. Mimi sikucheka.

Nasema haya kwa sababu udanganyifu huo unashikika kwa mzani wa kawaida. Betri ya kweli ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi, kwa kuwa ndani imejaa tabaka za shaba, alumini na kemikali zilizoviringishwa kwa kubanwa. Ikiwa chini ya gramu 40, iache. Na kuhusu mAh, nyingi zilizo nzuri hukomea karibu 3500, zikizidi hapo huzidi kidogo. Kaka yake mnene, 21700, wa milimita 21 kwa 70, kwa kawaida ana 4000 hadi 5000. Ukikuta 18650 iliyoandikwa 6800, 9900 au 12000, usianze hata kubishana bei. Aliyeandika hiyo namba anajua ni uongo, na mtu anayekudanganya ujazo hana sababu ya kukwambia kweli kuhusu usalama.

Maana 18650 ni betri ya lithiamu, na lithiamu si kama zile za kutupa tulizokulia nazo. Zile zikichoka zinatoa maji na kutia kutu springi, yamekwisha. Hii inabeba nguvu nyingi mahali padogo, na ndani yake kuna kimiminika kinachoshika moto. Ikipigwa shoti, ikijazwa kupita kiasi, au ikiwa na kasoro ya kiwandani, joto lake huzaa joto lingine mpaka inatema moshi na moto. Sasa ifikirie iko ndani ya tochi ya alumini iliyofungwa kwa mipira isiyopitisha maji. Gesi itokee wapi? Bomba lile unalishika mkononi, wengine wanalibana kwa meno wakifunga kamba za viatu.

Mwenzangu wa zamu hakuhitaji hata tochi. Aliweka betri ya akiba kwenye mfuko wa suruali pamoja na funguo. Ganda la plastiki lilikuwa limechanika kidogo pale juu, kwenye bega la betri, mchaniko usiozidi ukucha. Watu wengi hawajui kwamba mwili mzima wa betri ile, kuanzia chini hadi kwenye bega, ni upande hasi. Kinachoutenga na chanya ni ganda lile jembamba na kipete kidogo cha karatasi au plastiki kinachozunguka kichwa. Ufunguo uligusa kichwa na bega kwa pamoja. Nilimwona akiruka, akipiga paja kwa kiganja kama aliyeingiwa na siafu, kisha akaivua suruali palepale getini. Ufunguo ulikuwa umebadilika rangi. Kovu analo mpaka leo, na betri zake sasa zinakaa kwenye vikasha vya plastiki, kila moja na chake. Vikasha hivyo ni vitu vya bei ndogo mno, lakini tunavidharau. Ganda likichanika, mafundi wanauza mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Unaivisha upya pamoja na kipete chake. Kuifunga kwa solotepu siyo kuivisha.

Nirudi kwenye kuchagua, maana ndilo lililonileta.

Kuna betri zenye kinga na zisizo na kinga. Yenye kinga ina kibao kidogo cha sakiti kitakoni, mduara kama sarafu ndogo, na kazi yake ni kama yangu: kufunga geti. Chaji ikitaka kupita kiasi, anafunga. Volti zikishuka mno, kwa kawaida kama 2.5, anafunga. Ikipigwa shoti, anafunga. Kwa mtu wa kawaida mwenye tochi ya kawaida, mimi namwambia achukue hiyo. Ina kero mbili. Kwanza, mlinzi huyo anaongeza urefu, kwa hiyo 18650 yenye kinga hufika milimita 68 hadi 70 na tochi nyingine hazifungi. Usilazimishe kwa kukaza kifuniko, utaibonyeza betri. Pima kwanza au soma maelezo ya tochi. Pili, tochi kali zinazovuta ampea nyingi humfanya mlinzi adhani ni shoti, anakata, nawe unabaki gizani ghafla bila hata kufifia. Kwangu usiku wa manane hilo ni jambo zito. Kwa tochi za namna hiyo tafuta betri iliyoandikwa wazi inahimili ampea ngapi mfululizo, na ukubali kwamba zinazotoa ampea nyingi mara nyingi zina mAh pungufu. Ya 3000 inayohimili ampea 15 ni betri nzuri tu, hata kama jirani yake wa 3500 anaonekana mkubwa.

Wanaotengeneza seli zenyewe, yaani betri tupu kabla ya kuvishwa ganda la muuzaji, kwa ubora unaoaminika si wengi. Panasonic, Samsung, LG, Murata waliochukua biashara ya betri ya Sony mwaka 2017, na Molicel ni miongoni mwao. Majina mengi mengine unayoyaona kwenye maganda ni ya wanaonunua seli na kuzivisha nguo yao. Hilo si kosa, mradi waseme ndani kuna nini. Lakini jina kubwa kwenye ganda nalo si dhamana, kwa kuwa ganda huchapwa na yeyote. Isitoshe, viwanda vingine vikubwa husema waziwazi kwamba seli zao tupu zimekusudiwa kuunganishwa ndani ya vifaa, hazikusudiwi kuuzwa moja moja mkononi mwa mtu. Ndiyo maana mimi, baada ya kuungua mfuko (wangu kwa pesa, wa mwenzangu kwa moto), nanunua betri yenye kinga iliyovishwa na kampuni inayotengeneza tochi, kwa muuzaji ambaye kesho nitamkuta. Ninazo mbili za 2600, si nne za 9900. Gharama ya mwaka imeshuka, kwa kuwa hizi zina miaka mitatu na bado zinafanya kazi.

Chaja nayo ihesabiwe ndani ya bei. Lithiamu za kawaida zenye volti 3.6 au 3.7 hujaa kwenye 4.2, na chaja nzuri inasimama hapo yenyewe. Kile kichaja chepesi kama ganda la njugu kinachofungwa pamoja na tochi za bei ya chini, kingine hakisimami. Nilikipima changu kwa mita ya fundi: betri ilisoma 4.31 na bado taa nyekundu inawaka. Nilikitupa siku hiyo hiyo. Chaji kwa ampea moja au pungufu, juu ya sakafu au kigae, wewe ukiwa macho. Kitandani hapana. Ukiigusa ikawa ya moto kiasi cha kutamani kuondoa mkono, ichomoe. Ya kuweka akiba muda mrefu usiijaze. Iache nusu nusu, kama volti 3.7 au 3.8, mahali pasipo joto.

Lipo kosa moja linalofanywa na watu makini kabisa. Kuna lithiamu iitwayo 14500, umbo lake sawasawa na betri ndogo ya AA. Hii ya AA ina volti 1.5, ile ikijaa ina 4.2. Tochi ya betri mbili iliyotegemea volti 3 ukaipa 8.4, taa yake inaungua kabla hujarudisha kifuniko, na redio ya mtoto vilevile. Kulingana kwa umbo kusikuhadae.

Tochi zinazopanga betri mbili mfululizo nazo zina sharti lao: betri ziwe pacha, zimenunuliwa pamoja, zimechajiwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu inaisha kwanza, mpya inaendelea kuisukuma mpaka chanya inageuka hasi ndani yake.

Mpwa wangu anavunja betri za kompyuta mpakato zilizokufa na kuchambua seli nzima. Simkatazi, kwa sababu zile seli nyingi ni za kweli, na ana subira ya kupima. Yeye mwenyewe ana kanuni: iliyokutwa chini ya volti 2 haifufuliwi, kwa kuwa shaba ya ndani huanza kuyeyuka na baadaye ikichajiwa huota vijiti vinavyopiga shoti kwa ndani. Iliyojazwa ikakaa wiki mbili mezani na kushuka chini ya 4.0, nayo inatengwa. Wanaouza seli hizo zikiwa zimevishwa ganda jipya na namba mpya, bila kupima, hao ndio siwezi kuwatetea. Na zilizotengwa hazitupwi kwenye takataka zinazochomwa. Funika ncha zake kwa solotepu, zipelekwe panapokusanywa mabaki ya vifaa vya umeme.

Wala si kila mtu anahitaji lithiamu. Kama tochi yako ni ya kutafutia kandambili chini ya kitanda, nunua ya AA na betri za kuchaji za nikeli, zile za volti 1.2. Hazina hasira, chaja yake ni rahisi, na ukizisahau ndani ya droo hazitakutia hofu. Mke wangu anatumia hizo na ananicheka mimi na vikasha vyangu.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni kidogo. Kwenye picha iliyopambwa juu ya makala yenu kuna betri moja ya 18650 imelala pembeni ya tochi, na mwenye macho anasoma 6800 mAh bila miwani. Mwambie mwandishi aende nayo jikoni, aiweke kwenye mzani, kisha mtuchapie gramu zake katika toleo lijalo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mlinzi wa zamu ya usiku