Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Malipo ya kitanda na dawa ya moyo isiyofika wodini

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Kenya,

Nakuandikia nikiwa mfamasia niliyekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa katika hospitali ya umma. Jambo lililonifanya nishike kalamu ni moja: namna Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inavyoilipa hospitali kwa mgonjwa aliyelazwa, na jinsi malipo hayo yanavyoamua, hata kabla daktari hajaandika lolote, iwapo mgonjwa wa moyo atapata dawa mpya au atakosa.

Tangu SHA ichukue nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hospitali hulipwa kiwango kimoja kwa kila siku ambayo mgonjwa amelala katika wodi ya kawaida. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka huo, hospitali ya ngazi ya nne ilitengewa shilingi 3,360 kwa siku, na ya ngazi ya sita shilingi 4,480. Fedha hizo ndizo zinazobeba kitanda, chakula, uuguzi, vipimo na dawa. Huwezi kumpunguzia mgonjwa kitanda wala uji wa asubuhi, kwa hiyo kinachobanwa ni dawa, na inayobanwa kwanza ni ile mpya ambayo faida yake haionekani angali wodini. Furosemidi hupunguza uvimbe wa miguu kwa siku chache, na kila mtu akaona. Dapagliflozini, ile dawa mpya ya ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, haina mvuto huo wa macho, kwani faida yake kubwa huja wiki na miezi baada ya mgonjwa kurudi kwake.

Hapo ndipo penye kasoro, Mheshimiwa. Hospitali inayonunua dawa hiyo hubeba gharama yake, na mgonjwa asiporudi kulazwa, hospitali hiyo hiyo hukosa malipo ya siku ambazo angelala. Anayeokoa fedha ni Mamlaka. Simlaumu msimamizi yeyote wa hospitali kwa kupiga hesabu hiyo, hasa madai yake yanapochelewa kulipwa na wauzaji wa dawa wako mlangoni. Lakini nimemwona mama mmoja akiondoka na karatasi ya daktari mkononi, akaenda duka la dawa na kununua vidonge kumi kwa sababu fedha alizokuwa nazo ziliishia hapo. Kabla ya miezi miwili kwisha alirudishwa akihema, na safari hiyo alilala siku tisa, ambazo zote zilidaiwa na kuandikwa kama kawaida.

Ubora wa dawa yenyewe hauna ubishi tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 4,744 ambao mioyo yao imeshindwa kusukuma damu vya kutosha, ulionyesha kwamba dapagliflozini ilipunguza kwa asilimia 26 hatari ya ugonjwa kuzidi au mgonjwa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Humezwa kidonge kimoja kwa siku, bila kupandisha dozi hatua kwa hatua, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa kliniki zetu zenye foleni. Hataza yake ya kwanza, yaani haki ya mwenye dawa kuitengeneza peke yake, iliisha nchini India mwaka 2020, na viwanda vya huko hutengeneza nakala zake kwa wingi. Na wagonjwa wetu si wazee waliokwisha kula chumvi nyingi: katika utafiti wa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, wastani wa umri wa waliolazwa kwa ugonjwa huu ulikuwa miaka 52, na takriban mmoja kati ya sita alifariki ndani ya siku 180.

Wapo watakaokushauri uziadhibu hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi mapema. Marekani ilianza kufanya hivyo Oktoba 2012, kwa makato yanayofika asilimia 3 ya malipo ya Medicare, bima ya serikali yao ambayo hasa ni ya wazee. Wagonjwa waliolazwa tena walipungua, ila baadaye watafiti wakaonyesha kwamba vifo vya wagonjwa wa moyo baada ya kuruhusiwa vilikuwa vimepanda, na mjadala juu ya chanzo chake haujaisha. Kwetu, ambako hospitali nyingi hazina hata akiba ya dawa za mwezi mmoja, adhabu ya namna hiyo ingewaumiza wale wale tunaotaka kuwaokoa.

Ninachoomba ni kwamba jopo la kushauri kuhusu huduma na viwango vya malipo, lililowekwa na sheria ya mwaka 2023, litenganishe dawa za moyo na malipo ya kitanda. Mgonjwa anayeruhusiwa akiwa na ugonjwa huu apewe dawa za siku 90 dirishani petu kabla hajatoka langoni, nayo Mamlaka iilipe hospitali kwa kila dawa iliyotolewa, kwa bei ambayo KEMSA, shirika la serikali la ununuzi wa dawa, itakuwa imeafikiana na wauzaji kwa niaba ya kaunti zote. Baada ya siku hizo, dawa ziendelee kutolewa katika kliniki ya karibu na nyumbani kwake kwa utaratibu huo huo.

Niko tayari kuja mbele ya jopo hilo na daftari langu la dawa zilizoandikwa na zisizotolewa.

Wako mwaminifu,
Mfamasia katika hospitali ya kaunti