Kabla hamjaandika ile namba

Rafiki yangu mpenzi,

Habari za siku nyingi, natumaini wewe na wote wa nyumbani hamjambo. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wamekuingiza kwenye kamati ya kupanga lengo la nishati jadidifu, yaani umeme wa jua na upepo, la eneo lenu na hata kikao cha pili hakijafika mmeshaanza kuvutana, hawa wanataka lengo kubwa na haraka, wale wanasema kilima kisiguswe hata kidogo. Nilitaka nikupigie nikaona simu haitatosha, hili jambo liko moyoni kwangu muda mrefu.

Ninachokuomba ni kimoja, msianze na namba. Sisi kwenye kamati niliyokaa mimi tulianza na namba, tukaandika megawati zetu kwenye karatasi, zikapigiwa makofi, zikatangazwa, halafu ndio tukaanza kuzunguka kutafuta pa kuziweka. Basi kuanzia hapo kila mtu aliyeinua mkono kuuliza habari ya ule ukingo wa mlima alijibiwa lengo limeshapitishwa haliwezi kushuka. Yaani ramani ikachorwa ili itoshe namba. Wazee wanaoijua ile ardhi hatua kwa hatua wakaacha kuja vikaoni, na hilo linaniuma mpaka leo.

Na hiyo megawati yenyewe muiangalie vizuri kwa sababu inadanganya. Megawati ni uwezo wa mtambo ukiwa kwenye nguvu zake zote, umeme unaotoka kweli unahesabiwa kwa megawati-saa. Mwaka una saa 8,760. Paneli za sola za megawati 1 mahali ambapo kwa wastani zinatoa asilimia 18 ya uwezo wake zitakupa kama megawati-saa 1,580 kwa mwaka, mtambo wa upepo wa uwezo huohuo ukipata asilimia 35 unatoa kama 3,070, karibu mara mbili. Kwa hiyo mkiandika lengo kwa megawati tupu mtu anaweza kulitimiza kwa kujaza vifaa mahali pasipo na jua wala upepo wa maana, mandhari imeharibika na umeme hakuna. Andikeni megawati-saa, tena muanze kwa kujua eneo lenu linatumia kiasi gani sasa hivi.

Halafu uelewe kwa nini watu wa upepo wanang'ang'ania kilima, sio kwamba wana roho mbaya. Nguvu iliyo kwenye upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo wake, yaani unazidisha mwendo kwa mwendo kwa mwendo, upepo wa mita 8 kwa sekunde unabeba nguvu zaidi ya mara mbili ya ule wa mita 6. Sasa upepo mzuri uko wapi, uko juu kwenye ukingo uleule ambao kila mtu akiamka asubuhi anautazama. Huo mgongano upo tu, mkubali upo, msijifanye utaisha kwa maneno mazuri. Lakini na ninyi angalieni zaidi ya minara. Mapanga ya mtambo wa upepo siku hizi yanapita mita 60 urefu na kulifikisha moja kule juu kunataka barabara pana isiyo na kona kali, na mara nyingi barabara ndiyo inayoukata mlima kuliko mtambo wenyewe. Muulize barabara inapita wapi, maji ya mvua yatateremkia wapi, na hela ya kung'oa mitambo ikizeeka baada ya miaka 25 au 30 imewekwa na nani.

Ngoja nikwambie habari ya picha maana hii ilinifungua macho. Walituletea picha ya mlima ikiwa na mitambo imechorwa juu yake, tukaipitisha mkono kwa mkono, kila mtu anasema mbona midogo hivi, haina shida. Mwenzetu mmoja anayepiga picha akaigeuza akasoma maandishi madogo nyuma, imepigwa kwa lenzi pana. Lenzi pana inasukuma vitu mbali, mlima unakuwa kama kichuguu. Ile inayokaribia macho yetu ni ya milimita 50 kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa kama filamu za zamani, na picha ichapishwe kubwa uishike mahali palepale ilipopigwa. Tulipoomba ichapishwe upya tukasimama nayo pale barabarani, mitambo ile ikaufikia mwili wa mlima nusu, watu wakanyamaza. Na usishangae nikikwambia baadhi waliotazama wakasema sawa, tunaikubali, ila ule wa mwisho upande wa kushoto usogezwe. Mtu ukimwonyesha ukweli anaweza kukubali, akigundua umemficha ndio basi tena.

Sola za mapaa zije kwanza, hapo sina mjadala. Kilowati 1 ya paneli za sasa inataka kama mita 5 za mraba, zungukeni mhesabu shule, maghala, masoko, majengo ya ofisi, mtoe yale mapaa yaliyochoka yasiyobeba uzito na yale yenye kivuli. Ufaransa walipitisha sheria Machi 2023 kwamba maegesho ya magari yanayozidi mita 1,500 za mraba yafunikwe angalau nusu kwa sola, lami ambayo tayari imeshaharibu mandhari, hakuna anayeilia. Ila usiwaahidi watu kwamba mapaa yatamaliza kila kitu, jua likizama mapaa yote yanalala pamoja, na sehemu nyingi hesabu haitatosha.

Na hapa ndio niseme na wale wenzako wa kilima kisiguswe, nawapenda lakini. Orodheni kwa majina sehemu ambazo hazitaguswa kamwe, makaburi, chemchemi, njia za ndege, ule mtazamo ambao kila mtu anaujua, halafu mseme pia wapi inawezekana. Ukiweka kila kitu kwenye orodha ya kulindwa umeme wako utatoka kwenye kilima cha mtu mwingine, na nguzo kubwa zitakatiza nchi kuuleta kwako. Kule Turkana nchini Kenya mitambo 365 ya upepo ya megawati 310 ilishasimama mwaka 2017 ikakaa inasubiri laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 mpaka 2018, na laini nayo ni mandhari jamani. Ujerumani wameamua asilimia 2 ya nchi itengwe kwa upepo ifikapo 2032, kila jimbo na fungu lake, hakuna anayesema sio kwangu.

Jambo la umiliki nalo msiliache mwishoni. Kisiwa cha Samsø kule Denmark kina mitambo 11 ya upepo ya nchi kavu, mingi ni ya wakulima wenyewe na miwili ni ya ushirika wa wananchi. Kuanzia 2009 mpaka 2020 Denmark ilikuwa na sheria kwamba anayejenga mtambo awape nafasi ya kununua majirani wa ndani ya kilomita 4.5 hisa angalau asilimia 20. Mtu anayetazama mtambo wenye fungu lake hatazami kitu kilekile anachokitazama mwenzie aliyeachiwa kelele na zile taa nyekundu za usiku tu.

Kikao chenu ni lini? Kabla yake tembeeni hiyo ardhi pamoja, pande zote mbili, na ramani mkononi, anayetaka namba kubwa apande mpaka kwenye ukingo na anayetaka kilima kisiguswe aende kuangalia hayo mapaa. Mkirudi nitumie hiyo ramani hata kama imejaa mistari na kufutwafutwa, nitakusaidia kupiga hesabu ya megawati-saa usiku huohuo.

Nisalimie wote nyumbani.

Rafiki yako