Tukihesabu hasara ya moto Aberdare, tumkumbuke na kifutu wa mlimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimtetee nyoka.

Moto unapoteketeza nyasi za juu kule Mlima Kenya au Aberdare, kama ilivyotokea Machi 2012 na tena Februari 2022, tunaelezwa ni hekta ngapi zimeungua na kama tembo wamepata pa kukimbilia. Kifutu wa mlimani hatajwi. Ilhali tembo wako hadi Tsavo na Amboseli, huyu hana kwao kwingine duniani ila milima hiyo miwili, kati ya mita 2,700 na 3,800 hivi. Wanasayansi wanamfahamu tangu 1910, lakini Wakenya wengi hawajawahi hata kumsikia.

Si kifutu wa bondeni, lile jitu linalolala njiani. Aliyekomaa huwa na sentimita 20 hadi 35 tu, rangi ya kahawia au kijivu, na mgongoni ana safu za pembetatu nyeusi. Usiku, baridi inapogandisha umande, hujificha ndani ya mafungu ya nyasi ngumu. Jua likishika hutoka kuota kando ya fungu lake, kisha huwinda vinyonga, mijusi na vyura.

Hayo mafungu ndiyo nyumba yake, na yakikauka huwaka mpaka kwenye shina. Nyoka mdogo hivi ataukimbia vipi moto unaosukumwa na upepo wa mlimani? Wachache wakinusurika, kurudisha idadi yao ni kazi ya miaka, kwani hazai kwa wingi. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, na mizao iliyoandikwa na watafiti ni ya watoto wawili au watatu. Kifutu wa bondeni huweza kuzaa 30 na zaidi kwa mkupuo. Wala hawezi kuhama: chini yake kuna mianzi na msitu, juu kuna mawe na baridi kali, na kati ya milima hiyo miwili tumejaza mashamba na miji.

Najua nitaulizwa, si ana sumu? Anayo, na asichezewe. Dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu yake hakuna. Atakayeumwa asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Lakini viatu vya buti na macho yanayotazama njia vinatosha kutuepusha naye. Kumponda kwa fimbo eti kwa sababu nyoka ni nyoka ni kumwonea.

Mioto mingi ya kule juu huanzishwa na sisi binadamu: warina asali, majangili, na wapanda mlima wanaoacha makaa yakifuka. Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia mbuga hizi za taifa wamweke nyoka huyu kwenye mabango ya malangoni, picha yake ikae pamoja na ya yule swala mkubwa aitwaye bongo. Waongozaji wa wageni wafundishwe kumtambua, na wakimkuta njiani wamwache apite. Na kila moto ukizimwa, kikosi kinachopanda kutathmini hasara kiwe na mtaalamu wa nyoka, apekue mafungu ya nyasi yaliyosalia, na matokeo yake yatangazwe kwa wananchi pamoja na zile hekta.

Msomaji wako,
Nyeri