Kwa vijana watunzi wa Langoni, Lamu: mwenzenu anatafutwa

Assalaam alaykum, wanangu.

Nimeiona ile picha. Miguu ya mwenzenu ukingoni mwa dau, mikoko nyuma yake, na chini mmoja wenu ameandika: “Tuko naye, kusi linavuma, yuko salama.” Hata adhuhuri haijaadhiniwa ilikuwa imeshanifikia mimi kizee, nami simo katika kundi lenu. Basi na inspekta anayo.

Shairi lake nililisikia uwanjani Mkunguni. Halikumtukana mtu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu; yeye akauliza, kwa vina vizuri, mvuvi ameshika nini mkononi. Kwa swali hilo inspekta ameshapita madrasa, ameshapita gatini, na kwa mamake amekaa kibarazani mara tatu. Hachoki yule. Lakini mimi leo sina neno naye. Neno langu ni lenu.

Nyote mmelelewa na habari za Liyongo, na kila mkizisimulia mwapenda kimo chake na upinde wake. Mimi, tangu nilipokuwa nikifundishwa kuuimba utenzi ule, humwona Saada. Sultani wa Pate alimfunga Liyongo, na chakula kizuri alichopelekewa na mamake kikaliwa na walinzi. Akatunga wimbo, akampa kijakazi Saada aupeleke: mama aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani. Walinzi wakala vya kuliwa, mkate wa wishwa wakaudharau, wakamwachia mwenye pingu. Usiku wa gungu, ngoma ya kumuaga kabla hajauawa, mji ukiimba na matoazi yakilia, tupa ilikuwa ikikata chuma na hakuna aliyeisikia. Nimeuimba utenzi huo miaka mingi, na sijakutana na ubeti unaosema Saada alimnong’oneza shoga yake kisimani. Alijua kilichomo mkatini, akapita mbele ya walinzi na kapu lake kichwani kama siku zote.

Baadaye, alipokwisha kutoroka, huko mwituni, waliotumwa kumuua walikula naye kikoa. Wakapanga kila mtu apande mti wa mkoma kuchuma matunda kwa zamu, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye akaziangusha koma kwa mishale yake akiwa chini. Aliyemweza ni mwanawe wa kumzaa. Aliahidiwa binti wa sultani, akaja na sauti ya mtoto: baba, ni kitu gani kiwezacho kukudhuru? Naye akamjibu: sindano ya shaba, kitovuni.

Sisemi kwamba kati yenu yumo aliyeahidiwa kitu. Nasema aliyeiweka picha ile aliiweka kwa mapenzi, na mapenzi hayo yamefanya kazi ya sindano.

Huko Chile, mwaka 1948, mshairi Pablo Neruda, aliyekuwa seneta, alimshutumu rais ndani ya Seneti na amri ya kumkamata ikatoka. Alijificha zaidi ya mwaka mmoja, leo nyumba hii, kesho ile, huku akiandika, mpaka 1949 akavuka milima ya Andes kwa farasi akaingia Argentina. Uso wake ulijulikana nchi nzima. Wenye nyumba zile walikuwa na watoto, na majirani, na midomo kama yenu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kaka yangu alikuwa ametunga kitu, watu wakikiimba harusini, na wakubwa hawakukipenda. Akaja bwana mmoja mwenye adabu, kanzu safi, akanisalimu kwa jina langu, akaniuliza kaka yuko wapi, ana barua yake. Nikasema: Matondoni, kwa fundi wa majahazi. Nilisema kwa furaha, kwa vile nilijua jibu. Walimchukua kabla ya magharibi. Alirudi baada ya miezi mingi, na hakunilaumu hata siku moja, wala hakutunga tena. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na sauti yangu ile ya utotoni bado naisikia.

Futeni picha. Msibuni nyingine ya kumpoteza inspekta. Uongo nao huacha nyayo. Mkiulizwa, nyamazeni kwa heshima. Shairi lihifadhini moyoni, beti zote, kila mmoja wenu, wala msilitie chumvi kwa hasira mkamwongezea maneno asiyoyasema.

Na wewe inspekta, najua waisoma barua hii. Mimi sijui aliko, na nimeomba nisiambiwe. Kama iko hati, ilete mchana kwa mamake, nasi wazee tutamleta sisi wenyewe, pamoja na wakili. Katiba, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tutakuwa mlangoni tukizihesabu. Lakini usiku, kwa watu wasio na sare na gari lisilo na nambari, hatumtoi.

Mamake hajala vizuri tangu Jumatatu. Nimeanza kwenda kwake kila siku baada ya alasiri, na mikate. Njooni, mkae naye, mumsomee lolote ila shairi hilo. Simu ziacheni majumbani.